Mama wa Koridoni

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa stoo. Mkuu wa Idara alinipa mwenyewe, mkono kwa mkono, akasema, "Binti, ufunguo huu ukipotea, na wewe potea nao." Mhazili akacheka. Mimi sikucheka, niliusokota ndani ya leso na kila baada ya muda nikaupapasa kama mtu mwenye jino bovu.

Idara yetu hutoa vibali vya kupeleka vitu vya kale nje ya nchi. Nimeajiriwa kwa majaribio mpaka mvua ziishe, ndipo nithibitishwe au niambiwe kwaheri. Nafasi hii nilitafutiwa na mjomba, aliyesoma darasa moja na Mkuu. Tunaishi kwake, mimi, mama na mdogo wangu anayesoma. Jioni aliniuliza kazi ikoje, nikamjibu ni nzuri.

"Kazi mpya ni kiatu kipya, kaka," mama akadakia. "Muulize tena kikishamchubua kisigino."

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Vibali viwili vya ngoma, kimoja cha kiti. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 14 Machi

Zimeletwa sanamu tatu kutoka kanisa la kilimani, kule kwa wafyatua matofali: Mama amempakata mtoto, na malaika wawili wamepiga magoti. Ni za mti mweusi mzito. Nilisaidia kuondoa maranda yaliyozifunika, nikaona mkono wa kulia wa Mama hauna kucha wala viungo vya vidole. Umelainika kama kipande cha sabuni iliyotumika. Nilidhani umeliwa na mchwa. Padri aliyezileta akaniambia, "Hapana, binti. Ni watu. Kila anayeingia kanisani huushika."

Sisi nyumbani si wa dini yao na hatuna sanamu. Hata hivyo nilijikuta nimerudisha mikono yangu nyuma, kama niliyegusa kitu cha mtu bila kubisha hodi.

Anayetaka kuzitoa nchini ni mkusanyaji mmoja mpole sana, ambaye ofisi nzima humwita Bwana Asante kwa sababu humshukuru hata anayemfungulia mlango uliokwisha kuwa wazi. Amelipa kanisa mabati mapya ya paa, na padri ametia saini kwamba sanamu zinakwenda kufanyiwa matengenezo.

Baada ya wao kuondoka, Mhazili alinieleza kanuni. Kitu cha ibada kinachotumika hakitoki nchini. Kisichotumika, yaani ambacho msimu mzima wa mvua hakuna aliyesali mbele yake, kinaweza kupewa kibali. Msimu ukiisha, mtunza stoo anatoa tamko: vimesaliwa au havikusaliwa.

"Mtunza stoo ni mimi," nikasema.

"Ndiyo wewe."

"Lakini dada, zikifungiwa stoo, nani atasali mbele yake?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Mdogo wangu, swali hilo liache nje, pale unapoacha mwavuli."

Jumanne, 18 Machi

Wanawake wa kilimani wamekuja. Hawakujua. Waliingia kanisani Jumapili wakakuta paa jipya na madhabahu tupu.

Anayewaongoza ni mlinzi wa vyombo vya kanisa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Wenzake humwita Mama Sakristia. Alisimama dirishani kwangu na kusema, "Wewe binti! Mama yetu yuko wapi?"

Nikamwambia sanamu ziko salama, ziko kwenye uchunguzi.

"Anachunguzwa ana nini? Anaumwa?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nikamwomba ajaze fomu ya malalamiko. Akasema hawezi kujaza fomu ili amwone mama yake. Mkuu akatoka, akawazungumzia kwa upole mwingi, jinsi daktari anavyozungumza na ndugu wa mgonjwa aliyekwisha kufa. Wakaondoka na mvua kichwani. Yeye akanigeukia: "Stoo haifunguliwi kwa mtu yeyote. Yeyote. Tumeelewana?"

Tumeelewana. Ninaelewa vizuri mno. Wanawafungia watu mlango, kisha wanaandika kwamba watu hawakuingia. Nimelisema hilo hapa kwa sababu pale nilisema, "Ndiyo, Mkuu."

Alhamisi, 27 Machi

Mama Sakristia amekuja tena. Ameambiwa njoo kesho.

Ijumaa, 28 Machi

Amekuja. Kesho yake ni Jumamosi, kwa hiyo ameambiwa Jumatatu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imenyesha tangu juzi bila kupumua. Nilipofungua stoo asubuhi maji yalinipokea mlangoni. Paa limeachia pale penye kona na malaika mmoja amelowa hadi kiunoni. Nikapiga kelele. Dereva wetu, tunayemwita Tairi, alikuja mbio suruali imekunjwa.

"Hawa nao wamekuja mjini kubatizwa," akasema.

Mkuu alikasirika kana kwamba mvua ni karani mwenzangu. Sanamu zikilowa thamani inashuka, na Bwana Asante atasema nini? Akaangalia ofisi yake, akaona zulia. Akaangalia chumba cha Mhazili, hakina nafasi. Mwisho akaamuru, "Ziwekwe koridoni mpaka fundi apande juu."

Tukaziweka koridoni, kwenye ukuta mkavu unaotazamana na benchi wanakosubiri waombaji wa vibali. Mama katikati, malaika kulia na kushoto. Hakuna aliyepanga ziwe hivyo. Ndivyo ukuta ulivyoruhusu.

Jumatano, 9 Aprili

Fundi wa paa amekuja, ameangalia juu, ametikisa kichwa, ameondoka.

Jumatano, 16 Aprili

Sijui niliandikeje bila kucheka, ingawa si jambo la kuchekwa.

Pale benchini watu hukaa siku nzima. Wengine wamekaa wiki. Mzee mmoja anayetaka kibali cha kumpelekea mwanawe kiti cha babu yao alichoka kutazama ukuta, akaanza kumtazama Mama. Jana alimsogelea akamshika ule mkono. Leo asubuhi Mkuu akampa kibali chake. Nadhani alichoka kumwona. Mzee akatoka akiupungia mkono ule kwa heshima, na foleni yote ikaona.

Basi mpaka saa za kufunga kila aliyekuwa benchini alikuwa amekwenda kuushika. Wa dini yao na wasio wa dini yao. Mama mmoja alipiga ishara ya msalaba, mwingine akainua viganja vyake kama tunavyofanya nyumbani. Tairi akapita na funguo za gari, akasema, "Mkuu ana saini, lakini huyu ndiye mwenye ofisi."

Mama Sakristia alipokuja kuambiwa "njoo kesho", akamkuta Mama yake uso kwa uso. Hakupiga kelele. Nilijiandaa kwa kelele. Alikaa chini kwenye sakafu ile ya saruji, akavua kilemba, akaupangusa uso wa Mama vumbi la maranda, halafu akasali kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Nilipaswa kumwondoa. Niliinamia kalamu yangu, nikaichonga hadi ikabaki nusu.

Ijumaa, 25 Aprili

Kila siku sasa. Wanakuja wanawake wa kilimani kwa zamu, na vumbi jekundu la matofali kwenye nyayo. Mkuu hapiti koridoni. Ana mlango wake wa nyuma, ule wa kuegeshea gari. Mhazili anaona na hasemi. Ameniletea chai, akasema, "Ukiwa mtu wa majaribio, macho yako pia yako kwenye majaribio."

Nilikuwa nikimpenda sana Mhazili. Bado nampenda, lakini nimeanza kuhesabu maneno yake kabla sijayameza.

Jumatatu, 5 Mei

Tairi hajafanya mzaha hata mmoja leo. Mtoto wake wa mwisho amelazwa, kifua kinambana. Mchana, foleni ilipokwenda kula, nilirudi kuchukua mwavuli na kumkuta amepiga magoti mbele ya Mama, kofia ya kazi iko sakafuni, ule mkono wa sabuni ameushika kwa mikono yake yote miwili. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nikarudi nje na kusimama kwenye mvua mpaka nikahisi ametosheka.

Alhamisi, 8 Mei

Mtoto wa Tairi anaendelea vizuri. Tairi amerudia mizaha, lakini kila asubuhi kabla ya kuchukua gari hupitia koridoni kwanza.

Jumanne, 13 Mei

Fundi ameziba paa. Mkuu ameamuru sanamu zirudishwe stoo leo hiihii. Wanawake wawili walikuwepo. Mmoja aliuliza, "Kwani amekosa nini tena?" Nikafunga mlango wa stoo.

Jioni niliitwa. Bwana Asante alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kikombe magotini. Ghala la nje limekwisha kuandaliwa, wanunuzi wanasubiri, kilichobaki ni tamko. Mkuu akanisogezea karatasi iliyochapwa tayari: *Mimi mtunza stoo ninatamka kwamba katika msimu huu hakuna mtu aliyesali mbele ya vitu vilivyotajwa.*

"Tutasoma tarehe ishirini na mbili," akasema. "Utasoma wewe, kama kanuni inavyotaka. Na wiki hiyo hiyo nitakaa na faili lako la kuthibitishwa."

Hakunitisha. Alivitaja vitu viwili kimoja baada ya kingine, akaacha nivifunge pamoja mwenyewe.

Bwana Asante akasema, "Asante sana, binti." Kwa lipi? Sijampa chochote. Nimetembea nyumbani kwa miguu nikilirudia swali hilo. Mabati! Wamepewa mabati kwa Mama yao, na sasa wanaambiwa hawakuwa wakimhitaji. Mtu akikuibia kuku ni mwizi. Akikuibia kuku, kisha akaapa kwamba hukuwahi kula mayai, huyo anaitwaje? Anaitwa Mkuu.

Jumapili, 18 Mei

Mjomba anajua. Mkuu amempigia simu. Aliniita sebuleni, akazima redio.

"Binti yangu, nimesikia una maswali kazini."

"Mjomba, wanataka niseme uongo."

"Wanataka usome karatasi. Karatasi si yako." Akashusha sauti. "Mimi nilikwenda kwa yule bwana nimeshika kofia. Ukinichomea daraja hili, mdogo wako atavukia wapi akimaliza shule?"

Ni kweli. Alinisomesha. Nilimwambia, "Nimekusikia, mjomba," nikaenda jikoni. Mama alikuwa akimenya vitunguu. Nilimwuliza angefanya nini.

"Sisi sanamu hatuna," akasema.

"Najua, mama."

"Lakini na vya watu hatubebi." Akaendelea kumenya. Akaongeza, "Kaka yangu ni mtu mzuri. Amechoka tu kuwa na hofu, sasa anataka umsaidie kuibeba."

Jumatano, 21 Mei

Sijala. Mikono inatetemeka hata nikishika kijiko. Ninataka iandikwe mahali fulani kwamba mimi ni mwoga. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naomba ruhusa hata ya kukohoa. Sitaki kufukuzwa. Nataka tu kesho isiwe mimi.

Alhamisi, 22 Mei

Kanuni inasema tamko husomwa kwa sauti mbele ya mwombaji na mwenye mali, na aliyetunza ndiye anayesema. Hakuna wa kumsemea. Inasomwa koridoni, mlango wa mbele ukiwa wazi, ili asitokee mtu baadaye kudai hakuambiwa. Nadhani waliotunga kanuni hiyo zamani walikuwa watu wema.

Sanamu zilitolewa, kwa sababu lazima vitu viwepo. Bwana Asante alisimama upande huu. Padri upande ule, anaangalia viatu vyake. Nyuma yake Mama Sakristia na wanawake wa kilimani, koridoni kote hadi barazani, kanga zikichuruzika maji. Mkuu, Mhazili, Tairi. Waombaji wa benchini walisimama wenyewe.

Mkuu akanipa karatasi. Niliisoma mpaka "ninatamka kwamba katika msimu huu". Nikasimama hapo. Nilisikia mvua. Halafu nikasikia sauti ambayo ilikuwa yangu ikisema, "watu wamesali mbele ya vitu vilivyotajwa, siku baada ya siku, vilipokuwa koridoni. Nimeona mwenyewe."

Mkuu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyemwagikiwa chai mbele ya wageni. "Binti yetu amechoka. Hajalala. Dereva! Wewe ndiye unayepita hapa asubuhi na jioni. Umeona mtu akisali hapa?"

Tairi aliangalia ukuta. Aliangalia ndoo ya maji. Sehemu moja tu hakuiangalia, ile ya katikati.

"Sijaona, Mkuu."

"Mhazili?"

"Mimi huwa naangalia mashine yangu, Mkuu."

Tangu nianze kazi nimekuwa nikiogopa, na nilidhani hofu ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote ndani yangu. Pale nikagundua kuna kingine chini yake. Sijaona! Mtu aliyelia na kofia yake sakafuni! Lile "sijaona" lilinipanda kutoka miguuni kama maji ya moto. Ningeweza kumtaja. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikamtazama, nikaona kidevu chake kinatetemeka kama mikono yangu ya jana, nikaliacha jina lake lilipo.

"Mkuu," nikasema, na sasa nilikuwa napiga kelele, mimi, "kanuni haimwulizi dereva. Haimwulizi mhazili. Aliyetunza ndiye anayesema. Nimetunza mimi. Zimesaliwa! Mliwafungia mlango ili mseme hawakuja, mvua ikawafungulia, wakaja, na bado mnataka kusema hawakuja! Hawa hapa! Waulizeni!"

Nikatia saini chini ya nilichosema, si chini ya kilichochapwa. Kalamu ilitoboa karatasi.

Padri akakohoa. "Saini yangu ilikuwa ya matengenezo," akasema polepole. "Nilidanganywa, na nilikuwa radhi kudanganywa, maana paa lilikuwa linavuja. Mabati yenu nitayateremsha."

"Usiteremshe hata misumari, Padri!" Mama Sakristia akamkata. "Hiyo ni kodi ya Mama kukaa gerezani."

Bwana Asante akachukua kofia yake. "Asante sana, Mkuu," akasema, na sijawahi kusikia neno zuri likitupwa usoni namna ile.

Ombi limeanguka. Nimekabidhi ufunguo kabla sijaambiwa.

Ijumaa, 23 Mei

Barua imefika nyumbani: sikuthibitishwa. Mjomba aliisoma, akaikunja, akatoka bila kula. Mama aliichukua, akafunikia mtungi.

Jumatatu, 26 Mei

Nilidhani sanamu zimekwisha kurudi. Kumbe wameambiwa njoo kesho! Ombi likianguka vitu vinarudi kwa wenyewe, lakini Mkuu lazima atie saini ya kuvitoa, na Mkuu ana shughuli. Nilivaa, nikaenda, nikakaa benchini na wanawake wa kilimani. Ni mara yangu ya kwanza kuliona lile dirisha kutoka upande huu. Ni dogo sana. Sikujua kwamba anayeuliza lazima ainame.

Jumatano, 28 Mei

Tumekaa. Wanaimba, mimi sijui maneno. Leo mama amekuja nami. Yeye na Mama Sakristia walibishana asubuhi nzima ni dini ipi yenye wanaume wavivu zaidi, hawakupata mshindi.

Alhamisi, 29 Mei

Mchana Mhazili alituletea hati ya kutoa vitu. Imeandikwa: *vinarudishwa kwa hisani ya Idara.* Nikamwambia Mama Sakristia, "Mama, tia saini twende, mvua imepungua."

"Kwa hisani?" akasema. "Mwanangu, nikikubali leo kwamba walinipa, msimu ujao watasema wanaweza kuninyima. Mimi sikupewa. Nilinyang'anywa." Akairudisha hati dirishani kwa ncha za vidole, kama kitu chenye harufu. "Hisani waifute. Nitangoja. Sina haraka, nimefyatua matofali tangu nina mimba ya kwanza."

Nami nilidhani nimejifunza kukasirika. Bado niko darasa la kwanza.

Ijumaa, 30 Mei

Saa nne hati ilirudi imechapwa upya: *vinarudishwa kwa wenyewe.* Mhazili alinipa mimi mkononi. Alinishika vidole kidogo tu, akarudi kwenye mashine yake.

Mama Sakristia akatia saini. Wanawake wakawabeba malaika, lakini Mama ni mzito, anahitaji mabega ya kiume, na aliyetumwa kusaidia kupakia alikuwa Tairi. Alikuja kichwa kimeinama. Akainama kushika miguu ya sanamu.

"Shika vizuri," Mama Sakristia akamwambia. "Wewe si ndiye hujaona?"

Tairi akabaki ameinama pale, mikono imeshika mti.

"Niliona, mama," akasema.

"Sikusikii. Nina masikio ya tanuru."

"Niliona!" Tairi akapaza sauti, jasho likimtiririka. "Nilisali mimi mwenyewe! Hapa! Mtoto wangu alikuwa anakufa, nikasali hapa!"

Sauti yake iligonga kuta, ikafika hadi mwisho wa koridoni, kwenye mlango wa Mkuu. Tulingoja. Tuliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, kimesimama.

Mlango haukufunguka.

"Haya," Mama Sakristia akasema, "inua." Tukainua.